Nunua SmartShunt kabla hujakata waya wa kwanza

Wengi wanaojenga gari la kulala huanza na betri, wakafuatia paneli ya sola, kisha inveta. Kipima betri hukumbukwa mwisho, kikabanwa popote palipobaki upenyo. Mimi nashauri kinyume. Katika gari letu SmartShunt, kipima betri cha kampuni ya Victron, ile ya ampea 500, ndiyo iliyotangulia, na baada ya kusafiri nayo kwa muda mrefu nasema bila kusita kwamba faida yake kubwa niliipata kabla gari halijatoka karakana. Ndiyo iliyonipangia nyaya za volti 12. Kwa hiyo nitaieleza zaidi kama chombo cha kupangia kuliko kama geji.

Kwetu kazi ziligawanywa mapema. Mume wangu alichukua mbao, madirisha na paa. Mimi nikachukua umeme. Kelele za msumeno zikiwa nje, mimi nilikuwa mezani na karatasi, rula na penseli.

Kwanza, kwa nini kifaa hiki kinahitajika. Betri ya LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu, ya volti 12 ina seli nne za volti 3.2 zilizofuatana, jumla 12.8. Sifa yake njema ni kwamba volti zake hazishuki ovyo unapotumia umeme. Lakini sifa hiyohiyo inakuficha hali halisi: ikiwa imepumzika, tofauti kati ya betri iliyojaa asilimia 80 na iliyobaki na asilimia 40 ni takriban volti 0.2 tu. Washa friji, zima friji, tofauti hiyo imeshamezwa. Kipimo cha volti cha kubandika ukutani, ambacho kwa betri ya risasi, ile ya kawaida ya gari, kingekupa angalau makadirio, kwa lithiamu hakikwambii kitu cha kutegemea. Unahitaji kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka.

Hesabu hiyo inafanyika kwa njia rahisi sana. Ndani yake kuna shanti, kipande cha metali chenye ukinzani mdogo unaojulikana kwa usahihi. Ampea 500 zikipita, tofauti ya volti kati ya ncha zake mbili ni milivolti 50. Friji inayovuta ampea 5 inaacha nusu milivolti tu, na kifaa kinaisoma, kinajumlisha ampea kadiri muda unavyokwenda, kinakuletea jibu kwenye simu kwa Bluetooth. Chenyewe kinakula chini ya milliampea 1. Kwa mwaka mzima hiyo haifiki hata ampea-saa 9, kwa hiyo sikuona sababu ya kukizima.

Sasa niingie kwenye kilichonifanya nikipende.

SmartShunt ina sharti moja lisilo na msamaha. Upande wake mmoja unaungwa kwenye ncha hasi ya betri, na hakuna waya mwingine wowote unaoruhusiwa kugusa ncha hiyo. Kila kinachotumia umeme na kila kinachochaji lazima kirudi kupitia upande wa pili. Waya mmoja ukipenya nyuma yake, hesabu yote inaharibika, na haitakuonya. Itaendelea kukuonyesha asilimia zisizo za kweli.

Sharti hilo lilinilazimisha nianze kuchora nyaya za kurudi. Michoro mingi niliyoiona huanzia chanya: betri, fyuzi, swichi, taa. Waya hasi unaachwa bila maelezo, na ikifika wakati wa kazi mtu anatafuta boliti ya karibu kwenye bodi ya gari na kufungia hapo. Kwa taa za nje za gari lenyewe hiyo ni kawaida ya kiwandani. Kwa chumba cha kulala sikubaliani nayo. Boliti iliyokaa juu ya bati lenye rangi hushika kutu taratibu, ukinzani unapanda, pampu inaanza kulegea, nawe unabandua ukuta ukitafuta tatizo lililo kwenye kisahani cha boliti. Kila kifaa chetu kina nyaya mbili zake, chanya na hasi, zinazotembea pamoja hadi kwenye sanduku la fyuzi. Hasi zote zinakutana kwenye baa moja ya shaba, baa inaingia upande wa mfumo wa shanti, shanti inaingia kwenye betri. Kutoka kwenye baa hiyo unatoka waya mmoja mnene kwenda kwenye chasi, na hapo ndipo mahali pekee ambapo umeme wa nyumba na bodi ya gari vinakutana. Hata chaja inayochukua umeme kwenye alternata ya injini wakati wa safari inarudisha hasi yake kwenye baa hiyohiyo.

Nilipomaliza ukurasa huo wa hasi, ukurasa wa chanya ulijiandika wenyewe. Nilishajua kila kifaa kilipo, njia gani nyaya zitapita na ni mita ngapi.

Hatua iliyofuata ni ile ninayowasihi wenzangu wasiiruke. Kabla kabati hazijafungwa nilipanga kila kitu mezani: betri, fyuzi kuu, SmartShunt, kisha nikaunga kifaa kimoja baada ya kingine nikitazama simu. Vibandiko vya watengenezaji huandika kiwango cha juu kabisa, au cha wastani, na mara nyingi hawasemi ni kipi. Friji yetu ya kompresa ilitulia kwenye ampea 4 na ushei. Pampu ya maji ilinifunza zaidi: bomba likiwa wazi kabisa ilivuta kidogo, lakini nilipolibana mpaka yakatoka matone, shinikizo lilipanda na ampea zikapanda nalo. Hita ya dizeli ilivuta karibu ampea 9 plagi yake ya kuwashia ilipokuwa ikipata moto, kisha ikashuka chini ya 2 baada ya kuwaka. Kama ningeipangia waya kwa matumizi yake ya kawaida, volti zingeanguka pale pale inapohitaji nguvu ya kuwaka. Nikumbushe pia kwamba hita ya aina hii haikatwi umeme ikiwa moto. Feni yake inahitaji dakika kadhaa za kujipoza, hivyo sikuiweka kwenye swichi ambayo mtu anaweza kuizima akipita.

SmartShunt haitakuonyesha msukumo wa kuanzia unaodumu sehemu ndogo ya sekunde, kwa sababu namba kwenye simu hubadilika polepole kuliko hapo. Kwa kuchagua unene wa waya haikuwa kasoro.

Hesabu ya waya ni fupi. Chukua umbali wa kwenda, uzidishe kwa 2 kwa sababu umeme lazima urudi, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175 ambao ni ukinzani wa shaba kwa mita moja ya waya wa milimita mraba 1, kisha gawanya kwa unene wa waya wako. Friji iliyo mita 5 kutoka kwenye sanduku la fyuzi, ikivuta ampea 5: kwa waya wa 1.5 mm² unapoteza volti 0.58, karibu asilimia 5 ya volti 12. Kwa 2.5 mm² ni 0.35. Kwa 4 mm² ni 0.22. Kwa 6 mm² ni 0.15 hivi. Kiwango cha ABYC cha Marekani, kilichoandikwa kwa ajili ya vyombo vya majini, kinaruhusu asilimia 3 kwa vifaa muhimu na asilimia 10 kwa visivyo muhimu, nami niliufuata mgawanyo huo. Taa ya LED ya wati 3 inavuta robo ampea. Ukiipa waya mnene unajisumbua kuupinda bila faida. Friji ni kisa kingine. Ina ulinzi wa betri ndani yake, na kompresa nyingi za modeli ya BD35F hujizima volti zikifika 10.4 na hazirudi mpaka zipande 11.7. Volti hizo zinapimwa kwenye friji, si kwenye betri. Waya mwembamba unaweza kuizima friji ilhali betri bado ina akiba.

Hapo ndipo SmartShunt ilinifanyia kazi ambayo sikuitarajia. Waya wake mwekundu wa kupimia unagusa chanya ya betri moja kwa moja, kwa hiyo volti unazoziona kwenye simu ni za betri yenyewe. Nilitandaza waya wa friji sakafuni kwa urefu wake kamili, nikaiwasha, nikaweka mita ya mkono kwenye plagi ya friji, nikalinganisha. Hesabu ilinipa upotevu wa chini ya volti 0.2 kwa waya wa 4 mm² na ampea 4 na kidogo. Mita ilionyesha karibu 0.3. Nikarudia, nikakaza viungo, jibu lilelile. Basi nikakwangua ncha ya waya kwa kisu: juu nyekundu, ndani nyeupe. Muuzaji, ambaye simtaji, aliuita waya wa shaba. Ulikuwa alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi wa unene uleule. Pia hukatika haraka kwa mtikisiko na hubanwa vibaya kwenye teminali. Ulirudi dukani kabla haujafichwa nyuma ya ukuta.

Usichanganye na waya wa shaba uliopakwa bati, ambao ndio mzuri zaidi kwa sehemu zenye unyevu: huo ni mweupe juu na mwekundu ndani. Kisu kinamaliza ubishi kwa sekunde.

Friji tukaipa 6 mm² ya shaba. Naamini hilo ndilo jambo bora kuliko yote niliyoyafanya katika gari hili, maana friji ndiyo inayokula umeme mwingi kwa siku: ampea 4 kwa saa 8 za kuzunguka kweli ndani ya saa 24 ni ampea-saa 32. Taa, simu na pampu kwa pamoja hazikaribii hapo.

Kuhusu fyuzi nitasema kwa ufupi ila kwa msisitizo. Fyuzi inalinda waya. Haipo kwa ajili ya friji wala pampu. Ikiwa waya wako unaweza kubeba ampea 15 salama, fyuzi isizidi 15 hata kama kifaa kinavuta 3. Na volti 12 zisikudanganye kwa kuwa hazirushi mtu: waya ulioshoti kwenye betri ya lithiamu unaweza kupitisha ampea elfu kadhaa, na mpira wake unawaka moto kabla hujapata spana. Ndiyo maana kwenye betri yenyewe niliweka fyuzi ya Class T, iliyotengenezwa kukata hadi ampea 20,000 za umeme wa DC bila kuacha cheche iendelee ndani yake. Kiwango cha ABYC kwa kawaida kinataka fyuzi iwe ndani ya inchi 7 kutoka kwenye betri, kama sentimita 18. Kila sentimita kati ya betri na fyuzi hailindwi na chochote. Kwa vifaa vidogo tulitumia sanduku la Blue Sea ST Blade la njia 12 lenye baa hasi humohumo, ampea 30 kwa kila njia na 100 kwa jumla. Linaendana na SmartShunt kana kwamba vilichorwa pamoja: nyaya mbili za kila kifaa zinafika mahali pamoja, chanya kwenye fyuzi yake, hasi kwenye skrubu iliyo jirani. Inveta haipiti hapo. Inveta ya wati 1,000 inavuta karibu ampea 87 kutoka betri ya volti 12.8 ukihesabu na upotevu wake. Ilipata 35 mm² na fyuzi yake ya peke yake, na iko umbali usiozidi mita moja.

Turudi kwenye kifaa. Kukifunga ni kazi ya mikono tu: boliti mbili nene za M10, waya mmoja mwembamba wenye fyuzi yake, basi. Waya huo mwembamba uungwe upande wa betri wa swichi kuu, sio baada yake. Ukiunga baada ya swichi, kila ukizima umeme kifaa nacho kinazimika na kuacha kuhesabu. Kuna tundu la ziada ambalo linaweza kusoma volti za betri ya kuwashia gari, au joto la betri ya nyumba ukinunua kipimajoto chake. Sisi tulichagua betri ya gari. Kujua asubuhi kwamba gari litawaka kuna thamani yake.

Mipangilio ndiyo inayowakwaza wengi, na nadhani ndiyo chanzo cha malalamiko ya “inadanganya”. Kifaa kinatoka kiwandani kikidhani betri yako ni ya ampea-saa 200. Ya kwako ikiwa 100 na usibadilishe, kila asilimia unayoiona haina maana. Kwa lithiamu weka kipeo cha Peukert (namba inayoeleza uwezo wa betri unavyopungua ukivuta umeme kwa kasi) 1.05 na ufanisi wa kuchaji asilimia 99; namba zinazokuja nacho zinafaa betri za risasi. Halafu kuna suala la kujua lini betri imejaa. Kifaa hurudi kwenye asilimia 100 kikiona mambo mawili kwa pamoja: volti zimefika juu ya kiwango ulichokiandika, na ampea za kuchaji zimeshuka chini ya kiwango cha mwisho, kwa muda fulani. Kwa chaja ya ukutani hiyo ni sahihi. Kwa sola, wingu likipita juu ya paneli wakati volti ziko juu, ampea zinaanguka kwa sababu ya wingu, na kifaa kinaweza kuamini kwamba betri imejaa ilhali bado. Dawa yake ni kupandisha volti za kujaa zikaribie zile za chaja yako na kurefusha muda wa kusubiri. Chaja yetu inapanda hadi 14.2; mimi niliandika 14.0 na nikaongeza dakika. Tangu hapo asilimia na hali halisi vinakwenda sambamba.

Badilisha pia namba ya siri. Baadhi huja na sifuri sita, na gari lililoegeshwa kwenye kambi lina majirani wenye simu.

Yapo isiyoyafanya, na heri uyajue kabla. Haina kioo. Bila simu huoni kitu, na mgeni anayelala garini hawezi kutupa jicho ukutani akajua hali ya betri. Haina rilei, kwa hiyo haiwezi kuzima wala kuwasha chochote yenyewe. Haikati umeme betri ikikaribia kuisha, na haizuii lithiamu isichajiwe chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, jambo linaloharibu seli. Kazi hiyo ni ya BMS, saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri. Anayetaka kioo, king'ora na rilei atazame BMV-712 ya kampuni hiyohiyo: upimaji ni uleule, pamoja na geji ya duara inayoungwa kwa kebo. Mume wangu angependelea hiyo. Mimi nilikataa kutoboa kabati lake.

Bluetooth nayo haipendi kufungiwa ndani ya sanduku la bati. Yetu iko chini ya kitanda nyuma ya ubao, na simu inaikamata hata nikiwa nje ya mlango. Usiiweke pia mahali ambapo spana haifiki. Gari linatikisika, boliti zinalegea, na kiungo kilicholegea kwenye shanti ndicho kinachobeba umeme wote wa nyumba. Mimi huzikagua kila tunaporudi safari, kwa spana na kwa mkono: nikihisi joto baada ya inveta kufanya kazi, kuna kitu cha kukaza.

Siku ya kwanza mfumo ulipokamilika nilizima kila kitu na kutazama simu, nikitarajia sifuri. Ilionyesha ampea 0.8. Nikatoa fyuzi moja moja; namba haikubadilika. Ilikuwa inveta, imewashwa bila kuendesha kitu. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 19, zaidi ya nusu ya friji, zinaliwa na kifaa ambacho hakifanyi lolote. Sasa ina swichi yake kando ya meza na inawashwa tukihitaji. Ukitengeneza gari lako, fanya jaribio hili kabla ya kuamua unahitaji betri ya pili.

Nani asiinunue? Mwenye boksi la umeme lililofungwa kiwandani, lenye betri, inveta na kioo humohumo, hana pa kuifunga. Mwenye betri ndogo ya risasi inayowasha taa mbili na kuchaji simu anatosheka na mita ya volti. Mwingine yeyote mwenye friji na sola, apakue kwanza programu ya VictronConnect, ambayo ina sehemu ya majaribio inayokuruhusu kuchezea kurasa za kifaa kabla hujakinunua. Matoleo yapo ya ampea 300, 500, 1,000 na 2,000. Kwa gari la volti 12 lenye inveta ya wati 1,000 au 2,000 ile ya 500 inabeba bila wasiwasi. Ukiifunga mahali penye unyevu, tafuta toleo la IP65, lililokingwa dhidi ya vumbi na maji.